Kwa Fundi Pindo, Aliyetaka Kujua Pikipiki Yake Inasemaje

Ni mwaka mmoja sasa tangu ulipoweka bisibisi juu ya meza ya chakula, ukasema, "Asiiguse mtu, narudi sasa hivi," ukaingia chumbani kunyoosha mgongo. Hukurudi. Na bisibisi hatukuigusa. Mwaka mzima tumekula tukiizunguka. Mgeni akitaka kuisogeza ili apate pa kuweka kikombe, tunampigia kelele kwa pamoja mpaka chai inamwagika.

Tunakuandikia leo kwa sababu kuna jambo moja uliondoka hujalijua, na wewe hukuwa mtu wa kuondoka mahali hujajua. Tutakuambia. Lakini tutakwenda kwa mpangilio, maana anayeshika kalamu ni mumeo, na unamfahamu alivyo.

Wasiokujua waambiwe kwamba ulikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yetu kilikuwa karakana yako. Jina la Fundi Pindo ulipewa na mtaa. Mtu hajamaliza kukuamkia, wewe umeshainama, umeshika upindo wa gauni lake, umeugeuza uone ndani kumeshonwaje. Ulimfanyia hivyo muuguzi aliyekuwa anajiandaa kukuchoma sindano. Ulimfanyia hivyo bibi harusi, tena mbele ya wakwe. "Nje nimeshaona," ulimwambia. "Hebu nionyeshe ndani."

Ulikuwa mwema kwa namna ambayo haikuonekana kirahisi. Sare ya shule iliyotoka mkononi mwako ilikuwa na kitambaa cha ziada kimefichwa ndani ya pindo. Hukumwambia mtu. Mtoto akirefuka, mama yake akija amekunja uso, anauliza sare mpya itapatikanaje, unamgeuzia lile gauni. "Usihangaike, mama. Kuna akiba humu ndani." Wapo wasichana wa mtaa huu waliovaa gauni moja tangu wanajifunza kusoma mpaka wanakaribia kumaliza shule.

Mumeo ulimwita Bwana Nukta. Alianza kazi kama mfagizi wa kiwanda cha uchapaji, akasoma masomo ya jioni miaka mingi, akastaafu akiwa msahihishaji wa maandishi kabla hayajachapwa. Hajaacha kusahihisha. Aliwahi kuirudisha kadi ya mwaliko kwa aliyemwalika, imewekwa alama kwa wino mwekundu. Na hajawahi kutoka nje na shati lisilopigwa pasi. Ulikuwa ukimtania kwamba hata ndoto zake zimenyooshwa.

Sasa siku ile ulikwenda kupima mapazia, ukarudi na pikipiki.

Tunaikumbuka vizuri. Ulitangulia wewe, umevaa utepe wa kupimia shingoni, na nyuma yako mkokoteni umebeba kitu cha rangi ya udongo. Ulikikuta kwenye stoo ya duka la mikate lililofungwa, kimefunikwa magunia ya unga, ukakubaliana na wenyewe kwamba utawashonea mapazia ya nyumba nzima na ujira wako uwe hicho. Shemeji yako kinyozi alikuwa amekaa kibarazani. Aliinuka, akaizunguka, akavua kofia kama mtu aliyefika msibani.

"Shemeji, hii ni pikipiki au mifupa yake?"

"Ni pikipiki ya Kitaliano."

"Imekuambia yenyewe?"

"We kinyozi, nyamaza. Kitu kisicho na nywele wewe utakijulia wapi?"

Mumeo alikuwa mlangoni. Alitazama kutu, akatazama mikono ya shati lake jeupe, akarudi nyuma hatua moja. "Mke wangu," alisema, "pazia liko wapi?"

Wewe ulikuwa umeshapiga magoti. Ulikuwa umeona kitu ambacho sisi hatukukiona. Pikipiki nyingine injini yake imesimama wima. Hii imelala chali, imeelekea mbele. Na ubavuni, nje kabisa, ina gurudumu zito la chuma, pana kama sahani ya kupakulia. Ukaweka kiganja juu yake, ukalisukuma. Halikutikisika. Ukacheka peke yako.

"Ina gurudumu la mkono," ulisema, "kama cherehani yangu! Aliyeitengeneza huyu nataka kujua alikuwa anawaza nini."

Kuanzia hapo nyumba ilinuka mafuta ya taa. Ulilowesha, ukasugua kwa brashi ya waya, ukapiga msasa, ukalowesha tena. Boli iliyogoma uliibembeleza kwa sauti ileile uliyotumia kwa watoto wanaoogopa kupimwa nguo. Nati ikiachia, mtaa mzima ulijua, maana ulipiga kigelegele. Hata mumeo ulimvuta, ingawa kwa mbali. Kwenye koki ya petroli kulikuwa na herufi tatu, A, C na R. Alikwenda maktaba, akaazima kamusi ya Kitaliano, akarudi ametuna kama aliyepewa cheo. A ni wazi, C ni kufungwa, R ni akiba.

"Akiba!" ulishangaa. "Kumbe na wao huacha kitambaa ndani ya pindo."

Na kwa kuwa ulikuwa fundi wa nguo, uliibomoa pikipiki kama nguo. Kila sehemu uliyoitoa uliishonea kifuko chake. Mafundi wengine wangetupia vitu kwenye kopo. Wewe kifuko ulikikata, ukakishona, ukakitia na bitana nyeupe, maana ulisema mkono wako haujui kushona kitu kisicho na bitana. Vitambaa ulivitoa kwenye nguo zetu za zamani, na ulikuwa na utaratibu. Mashine ina mwili, ulisema. Vyuma vya injini viliwekwa kwenye vifuko vya vifua vya mashati, kwa kuwa injini ni kifua. Usukani na breki za mkono vilipata vifuko vya mikono ya mashati. Magurudumu na cheni vilipata suruali. Shingo ya mbele ilipata kola. Kabureta uliiita pua, kwa sababu inavuta hewa, ukaishonea leso ya mumeo.

Vifuko vilining'inia kwenye kamba, ukuta hadi ukuta, na wewe ulipita chini yake ukivigusa kimoja kimoja, ukijua kila kimoja kina nini.

Kuiendesha hukutaka. Watu walidhani unataka. "Niende nayo wapi, na magoti haya?" Ulichotaka ni kuisikia. Mwenye duka la mikate alikuwa ameshafariki, na watoto wake hawakukumbuka mlio wa pikipiki. Basi kila aliyeingia ulimwuliza: unadhani inasemaje? Kinyozi alisema itakohoa kama mzee anayetafuta kiberiti. Binti yako, fundi wa majokofu, alisema itanguruma kama mashine ya kusaga. Mumeo alifikiri siku mbili ndipo akajibu kwamba itaimba. Dada yako mkubwa alisema, "Haitasema kitu. Imekufa hiyo."

Wewe peke yako ulikataa kubahatisha. "Nikishajibu," ulisema, "nitasikia jibu langu. Nataka niisikie yenyewe."

Halafu ukaweka bisibisi mezani.

Wiki chache baada ya mazishi, dada yako alikuja kukaa nasi. Siku hiyo mumeo na binti walikuwa wametoka. Waliporudi walikuta uani kumeanikwa vifuko vyote, safi, vinapepea. Ndani, kwenye beseni la bati, kulikuwa na rundo la vyuma.

Binti yako alishika kichwa. "Mama mkubwa! Umefua injini!"

"Nimefua matambara," dada yako alisema, na povu bado liko kwenye viwiko. "Yalikuwa yananuka mafuta. Mdogo wangu alikuwa hakubali nguo chafu ilale ndani ya nyumba hii. Kanuni yake mwenyewe, si yangu!"

Na ni kweli, ilikuwa kanuni yako. Hakuna nyumba nyingine ambayo ingefanya kosa hilo. Kwingine vifuko vingeachwa vichafu, na pikipiki ingekuwa salama. Jioni ile dada yako alivipiga pasi, akavikunja, akavipanga kabatini kama mashuka ya wageni. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumsema.

Beseni likabaki pembeni. Binti yako alikuwa akija, anachukua chuma kimoja, anakigeuza, anakirudisha. "Jokofu nalijua," alisema. "Hiki sikijui baba wala mama."

Ndipo ukaja ujumbe kutoka kwa mwenye hoteli mpya ya karibu na stendi. Alikuwa amesikia habari. Aliitaka pikipiki, hata vipande, aitundike kwenye ukuta wa mapokezi. Tangi lipakwe rangi nyekundu, taa imulike kutoka juu. Itapendeza, alisema.

"Baba, tukubali," binti yako alisema. "Angalau watu wataiona."

"Mama yako hakutaka ionekane."

"Najua. Lakini itakaa kwenye beseni mpaka lini? Mimi nikipita pale naumia."

Mumeo alikwenda kulitazama beseni. Ukutani haisemi, hilo alilijua. Ikishapigwa misumari ukutani, swali lako limefungwa moja kwa moja. Lakini beseni nalo halikuwa linasema. Wakakubaliana: kumbukumbu ya mwaka ikifika pikipiki haijanguruma, mwenye hoteli aje na gari lake.

Miezi ilikwenda. Mumeo aliazima vitabu vya injini, akavisoma vyote kwa utaratibu, akasahihisha makosa ya uchapaji kwa penseli, na bado hakujua nati ipi ni ya wapi. Siku moja miwani yake ilikuwa na vumbi. Akafungua kabati, akachukua kifuko kilichotengenezwa kwa leso yake mwenyewe, akapanguza lenzi. Kisha akafanya kitu ambacho kwa miaka yote ya ndoa yenu alikuwa akikuonea aibu ukikifanya. Alikigeuza ndani.

Kwenye bitana nyeupe kulikuwa na umbo. Doa la rangi ya chai, mviringo, na pembeni mwake mstari mwembamba wa kijani.

Alimwita dada yako. Dada yako alipoona, macho yakamjaa. "Nilisugua mpaka vidole vikachubuka," alisema. "Kutu haitoki kwenye nguo, shemeji. Nilivikunja hivyo ili aibu isionekane."

"Vyote viko hivi?"

"Vyote."

Tulivigeuza vyote. Sebule nzima, juu ya viti, mpaka kwenye sakafu, tukatandaza ndani ya vifuko vyako. Na kila bitana ilikuwa imeandikwa na chuma chake: duara lenye meno, pete ndani ya pete, mkono uliopinda, nati sita zimejipanga. Tukachukua beseni, tukaanza kutafuta cha nani kiko wapi, kama watu wanaotafuta viatu vyao mlangoni baada ya hafla. Kinyozi aliingia kutusalimu, akasimama ghafla.

"Ngoja. Hii si kola ya koti langu la kazi? Lililopotea?"

Akaigeuza ile kola.

"Shemeji yangu aliapa kwamba limeibiwa! Nikamshuku mpangaji wangu mwaka mzima!"

Tulicheka kwa mara ya kwanza tangu uondoke. Tulicheka mpaka dada yako akaketi chini. Kinyozi naye akachuchumaa, akaokota pete ya chuma, akaiweka kwenye doa la kola yake mwenyewe, ikalala barabara. "Basi," alisema, "kama koti limekufa kwa kazi nzuri, nimemsamehe."

Kutoka hapo binti yako hakutaka kuambiwa. Kila siku ya mapumziko alikuja na spana zake. Utaratibu wako ulimwongoza: kola kwanza, ndipo mikono ifuate, kifua kifungwe kabla ya suruali kuvishwa. Mumeo alikaa kwenye kigoda, kitabu magotini, akimsomea. Hatimaye kitabu hakikutosha, ikabidi mtu ashike injini wakati boli zinaingia. Mumeo alikunja mikono ya shati. Fundi, hilo ungelipigia kigelegele.

Ikabaki leso. Kabureta ilikaa vizuri juu ya doa lake la mviringo. Lakini ule mstari wa kijani, mrefu kiasi cha kidole, mwembamba, ulikosa mwenyewe. Kutu ni nyekundu. Kijani ni shaba. Binti alisema ni kijiti cha ndani ya kabureta, na bila hicho petroli haina wa kuipimia, injini haitawaka. Tulipekua beseni, tukapekua uani chini ya kamba, tukapekua hata mfereji wa maji machafu. Hakikuwepo. Kumbukumbu ilikuwa inakaribia, na mwenye hoteli alishatuma salamu kuuliza kama rangi nyekundu iwe iliyoiva au ya kung'aa.

Mumeo alianza kuandaa shati la siku ya leo. Kifungo kikakatika. Dada yako akasema hatavumilia kuona mume wa mdogo wake ana kifungo kimoja pungufu, akaenda kwenye cherehani yako. Kimto chako cha sindano kilikuwa palepale ulipokiacha. Kwa kuwa ulisema tusiguse, tulikuwa hatujagusa chochote cha mezani kwako, kana kwamba bisibisi ilikuwa na ukoo mkubwa. Akachomoa sindano moja, akaiweka karibu na jicho, akahangaika na uzi.

"Jamani," aliita, "hii sindano mbona haina tundu?"

Ilikuwa ya shaba. Ulikuwa umeing'arisha mpaka inaakisi dirisha, kisha ukaichomeka mahali ambapo mkono wako huweka kila kitu chembamba chenye ncha. Mwaka mzima ilikuwa inatutazama kutoka katikati ya sindano zako.

Dada yako, yule aliyefua injini, ndiye aliyembebea binti yako kijiti hicho juu ya viganja viwili, kama anabeba yai.

Basi asubuhi ya leo tuliitoa kibarazani. Hatukuipaka rangi. Imesuguliwa, imepakwa mafuta, ni ya kijivu yenye madoa. Mumeo alivaa shati jeupe, akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena.

"Kaka," kinyozi alisema, "unaipiga teke au unaiomba radhi?"

Akapiga mpaka jasho likamtoka. Dada yako akakunja mikono kifuani, lakini safari hii hakusema imekufa. Binti yako aliinama, akatazama, akainuka taratibu. "Baba. C ni nini?"

Mumeo alitazama koki. Yeye, mwenye kamusi! Aliigeuza ikaelekea A bila kumtazama mtu. Kisha akainama, akaweka kiganja juu ya lile gurudumu la nje, pale ulipokuwa ukiweka chako, akalizungusha polepole mpaka akahisi linagoma. Akasimama. Akapiga kiki.

Ikawaka, lakini ilikuwa inapiga mayowe. Moshi, kelele, kuku wa jirani wakaruka ukuta. Hatukusikia chochote cha maana. Binti yako akainua sauti: "Ipunguzwe! Kuna skrubu kwenye kabureta! Bisibisi!"

Spana zake zilikuwepo. Bisibisi hakuwa nayo. Sote tuligeuka tukatazama ndani, mezani, halafu tukatazamana.

Mumeo ndiye aliyeingia. Alisimama mbele ya meza. Alisema, "Samahani, Fundi," akaichukua. Iliacha alama yake juu ya mbao, mstari msafi katikati ya vumbi ambalo hatukuthubutu kulifuta. Akatoka nayo, akampa binti yako, naye akaizungusha ile skrubu kidogo, na kidogo tena. Mayowe yakashuka. Yakashuka zaidi.

Sasa sikiliza, Fundi Pindo. Inasema hivi.

Haikohoi na haingurumi. Mumeo anakiri kwa maandishi kwamba haiimbi. Inapiga pigo moja zito, la chini, ambalo unalisikia kwenye nyayo kabla ya masikio. Kisha inanyamaza. Inanyamaza muda mrefu kuliko inavyofaa, kama mtu aliyeulizwa swali na hataki kubahatisha. Unaanza kudhani imezimika. Dada yako alishika mkono wa binti yako. Ndipo inapiga tena. Inanyamaza. Inapiga. Lile gurudumu zito ndilo linaloibeba kutoka pigo moja mpaka lingine, na sasa tumejua aliyeitengeneza alikuwa anawaza nini.

Mumeo ametafuta neno moja la mlio huo katika kamusi zake zote, na hakulipata. Ameamua kuacha nafasi.

Mwenye hoteli alifika na gari lake wakati bado inapiga. Alisimama nje ya lango, akasikiliza pamoja nasi mpaka mwisho. Kisha akaaga, akaondoka na gari tupu.

Tunakukumbuka sisi: mumeo Bwana Nukta, shati lake lina doa la oili kifuani na amekataa lifuliwe, binti yako fundi wa majokofu, dada yako mkubwa, shemeji yako kinyozi, aliyekusamehe koti, na mtaa wote uliouvalisha.

Bisibisi tumeirudisha mezani, juu ya alama yake. Tutaendelea kula chakula tukiizunguka, na kila tukiizunguka tutakuwa tunakukumbuka, siku zote tulizojaliwa. Ila tukihitaji kupunguza mlio, tutaichukua. Tunaamini ulikuwa umeshachoka kutusubiri tuthubutu.